Jina la Ukoo Lisilo na Ukoo

Fomu nyingi zinazojazwa nchini Kenya, ziwe za benki, za shule au za bima, zina mstari unaotaka "jina la ukoo". Kijana wa Kibukusu wa Myanga, magharibi mwa Kenya, anayeushikia kalamu mstari huo haandiki ukoo wake hata siku moja. Ukoo anao, na anaujua vizuri: mzee akimuuliza sokoni yeye ni mtu wa nani, atajibu papo hapo kwamba ni Omukhone, au Omutecho, au Omuengele. Lakini kwenye karatasi anaandika Wafula. Wafula ni baba yake, pengine babu yake. Ni jina la mtu mmoja aliyezaliwa mvua ikinyesha, wala si jina la ukoo wowote. Karani hulipokea na kugonga muhuri, na tangu hapo serikali, mwajiri na hospitali watamjua kijana huyo kwa mvua iliyonyesha siku ya mtu mwingine. Jambo hili limezoeleka hata halimshangazi mtu. Hata hivyo limebeba swali ambalo wanafalsafa na watu wa dini wamelizungukia kwa karne nyingi: jina likishaacha kusema kweli juu ya mwenye kulibeba, linabaki kuwa nini? Njia ya kulijibu, kwa maoni yangu, ni kufuata historia ya kitu chenyewe tulichokiazima, yaani jina la familia la Kiingereza. Tuliliiga bila kuuliza lilikotoka. Tukijua lilikotoka, tutaacha kuliogopa, na pia tutaacha kulitukuza.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na majina ya familia. Kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Majirani walipotaka kumtofautisha na wajina wake waliongeza neno: yule wa kilimani, yule mwekundu, mwana wa fulani, mhunzi. Neno hilo lilikuwa lake peke yake, na alipokufa lilizikwa naye. Mabwana wa Kinormani ndio walioanza kurithisha majina ya mashamba yao pamoja na mashamba yenyewe. Desturi ikateremka polepole kwa matajiri wa mijini, kisha kwa wakulima, na kufikia takriban mwaka 1400 familia nyingi za Uingereza zilikuwa zinarithi jina la baba. Makarani nao walitia mkono. Kodi ya kichwa iliyotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381 ilihitaji orodha za watu, na mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Mtu aliyeitwa Smith kwa sababu alifua chuma alizaa mwana aliyeoka mikate, na mwana huyo akaandikwa Smith vilevile. Hapo ndipo jina la familia lilipozaliwa hasa, siku lilipoacha kuwa kweli. Lilipokuwa kweli lilikuwa maelezo tu ya mtu, kama kusema "yule fundi". Lilipogeuka kuwa si kweli ndipo lilipopata kazi mpya ya kumuunganisha mwoka mikate na mhunzi aliyemzaa.

Magharibi mwa Kenya hatuhitaji kwenda mbali kuuona mwenendo huu, kwa maana majina ya Kiingereza yalibandikwa juu ya ardhi yetu. Makumbusho ya Kitale yana mizizi katika mkusanyo wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926. Stoneham ni jina la mahali, kutokana na maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya mawe na makazi. Kuna mtu wa zamani aliyetoka katika kijiji chenye mawe, na mjukuu wa wajukuu wake akaja kukusanya vipepeo na ndege katika udongo mwekundu wa Trans Nzoia, jina la mawe likimfuata. Kisha teremka mpaka Webuye. Maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji huyaita Nabuyole yaliandikwa kwenye ramani za wakoloni kama Broderick Falls, na mji uliokua hapo kando ya reli ukaitwa hivyohivyo mpaka baada ya uhuru. Karibu na hapo viko vilima vya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana wakiwa ngomeni na kikosi cha Waingereza mwaka 1895, wakati wa utawala wa ofisa wa kikoloni C. W. Hobley. Kwa hiyo kilima kilibeba jina la mzee wa huku kwetu, na maji chini yake yakabeba jina la Mzungu mpita njia. Asiyejua angesema kwamba majina mawili yanatazamana pale, la kwetu na la Kiingereza.

Lakini hebu tulifungue hilo jina la Kiingereza tuone lina nini ndani. Broderick lina asili mbili zinazojulikana, na zote mbili haziko Uingereza. Baadhi ya familia zenye jina hilo zilitoka Wales, ambako mtu aliitwa kwa mfululizo wa baba zake: fulani "ab" fulani "ab" fulani, maana yake mwana wa, mwana wa. Utawala wa Kiingereza ulipokazwa huko Wales katika karne ya 16, mahakama na makarani walitaka jina moja lisilobadilika, na lile neno "ab", au "ap", likamezwa na jina lililofuata. Ab Owain likawa Bowen, ap Rhys likawa Price, ap Hywel likawa Powell, na ab Rhydderch likawa Broderick. Herufi B iliyosimama kwa ukubwa katika ramani ya Webuye ilikuwa mfupa wa neno "mwana wa". Familia nyingine za Broderick ni za Ireland, ambako jina lao la asili ni Ó Bruadair, yaani kizazi cha Bruadar, likageuzwa umbo ili lifae ulimi wa mtawala. Alama tuliyodhani ni ya Uingereza ilikuwa, kwa njia zote mbili, jina la watu waliotawaliwa na Uingereza kabla yetu. Na Mbukusu anayetaja jina la Masinde wa Nameme ana "wa" ileile ambayo Mwelsh aliipoteza kwenye meza ya karani. Tofauti ni kwamba "wa" ya kwetu bado inasikika.

Sasa tulirudie swali. Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alitoa mfano wa mji wa Dartmouth, ambao jina lake linatokana na kuwa mdomoni mwa mto Dart. Akahoji hivi: mchanga ukiziba mdomo ule na mto ukahama, je, jina la mji litabadilika? Halitabadilika, kwa sababu hata kama maana ndiyo iliyolizaa jina, si maana inayolishikilia. Mtu wa Bungoma hahitaji kwenda Dartmouth kulielewa jambo hili. Majina ya Kibukusu mengi ni ya majira: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wanjala na Nanjala ni wa njaa, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, Wasike na Nasike ni wa wakati wa nzige, Wamalwa na Namalwa ni wa wakati wa pombe. Sikuku alizaliwa sikukuu, na jina lake limetoka katika Kiswahili chenyewe. Kila moja lilikuwa taarifa ya kweli siku ya kuzaliwa. Lakini mtazame marehemu Michael Kijana Wamalwa, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 2003, na ndugu yake Eugene Wamalwa, ambao wote wawili waliwahi kuwa wabunge wa Saboti, pale Trans Nzoia. Wamalwa lilikuwa jina la baba yao, William Wamalwa. Mapishi ya pombe ya msimu mmoja wa zamani yamekuwa jina la ndugu wawili, na litakuwa la watoto wao. Mto umehama, mji umebaki na jina. Tumefanya katika vizazi viwili au vitatu kazi iliyowachukua Waingereza zaidi ya karne tatu.

Hapa mpinzani wa kwanza atasimama, na ni mpinzani mwenye heshima zake, kwa kuwa anasema kwa niaba ya wazee. Atasema: mwaongea kana kwamba jina ni kibandiko cha gunia, nalo kwetu ni kitu hai. Mtoto alilia usiku kucha, wakatajwa marehemu mmoja baada ya mwingine, na alipotajwa mwenye kumtaka, mtoto akanyamaza. Jina humfuata mtu, jina baya huzaa mambo mabaya, na kumpa mtoto jina bila kufikiri ni kuita usichokijua. Hoja hii siikatai. Naomba tu itazamwe kwa makini inasema nini. Familia inapomwita mtoto Wafula ili kumrudisha nyumbani mzee Wafula aliyetangulia, hakuna anayetazama nje kuona kama mawingu yametanda. Kinachotafutwa ni yule mzee, ukarimu wake au ukali wake, na haki yake ya kukumbukwa. Mvua imeshasahauliwa. Kwa hiyo hata mila yenyewe, pale inapolichukua jina kwa uzito mkubwa kabisa, haijali maana ya neno. Inajali nani alilibeba kabla. Marika ya tohara ya Wabukusu ni vivyo hivyo. Majina manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja, na kijana anayeingia rika hapokei maelezo ya tabia yake. Anapokea viatu vya watu waliokwisha kutembea. Mila na Mill, walioonekana kupingana, wanakubaliana kwamba maana haishikilii jina. Wanapoachana ni hapa: Mill anadhani jina likiondolewa maana linabaki alama tupu, nayo mila inasema linabaki deni. Katika hili la pili naona wazee wamemshinda mwanafalsafa. Alama tupu haingemfanya mtu aone haya kuichafua, na watu huona haya kulichafua jina la baba hata kama hawajui lina maana gani.

Mpinzani wa pili anatoka upande wa historia. Atasema kwamba jina la familia halikuja kwetu kama urithi, lilikuja kama pingu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume akatembea na kipande chake kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati, jina lake likiwa humo pamoja na alama za vidole, ili asiweze kumtoroka mwajiri wala kodi. Upande wa pili walisimama wamisionari na majina yao mapya, kwanza Marafiki (Quakers) wa Kaimosi waliofika mwaka 1902, kisha Wakatoliki na wengine. Kati ya karani na padri, mtu mwenye jina moja na ukoo mmoja alitoka na majina matatu na bila ukoo. Haya yote ni kweli. Lakini kama aibu ya asili inatosha kulitupa jina, basi Waingereza wangekuwa wa kwanza kuyatupa ya kwao, maana nayo yalikazwa na mabwana wavamizi na watoza kodi. Na Waairishi wangetangulia mbele yao: mwaka 1465 sheria iliwataka Waairishi walioishi katika eneo la utawala wa Kiingereza wavae majina ya Kiingereza, ama ya mji, ama ya rangi, kama vile mweupe au mweusi au kahawia, ama ya kazi, kama mhunzi au seremala, ama ya cheo cha nyumbani, kama mpishi. Waliolazimishwa hivyo waliacha wajukuu ambao hulitamka jina lile leo kwa mapenzi, kwa sababu ndilo walilosikia bibi zao wakiitwa.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni wa Elijah Masinde, yule Masinde wa Nameme niliyemtaja. Huyu alitoka Maeni, karibu na Kimilili, akalelewa katika Kanisa la Marafiki, kisha katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Musambwa, iliyowaambia watu warudi kwa mizimu ya baba zao na wawakatae wageni. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1948, mwezi uleule wa Februari ambao polisi walifyatua risasi kwa wafuasi wake huko Malakisi na kuua watu, kisha ikamhamishia Lamu. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kulitema jina la wamisionari, ni yeye. Na bado historia inamjua kwa jina la Elijah. Tena tazama Elijah wa Biblia alikuwa nani. Alikuwa nabii aliyesimama peke yake kwenye mlima mbele ya manabii wa dini ngeni, akawaambia watu wake waache kusitasita na warudi kwa Mungu wa baba zao. Wamisionari walilileta jina wakidhani wanamfunga mtu kwao. Aliyelibeba alilishika kwa upande ambao wao hawakuutazama. Sidai kwamba Masinde alilipanga jambo hilo. Nasema tu kwamba jina huchukua sura ya mabega yanayolibeba, na kwamba aliyelitoa hana neno la mwisho juu yake.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kwangu, na linatoka katika dini. Kama maana ya jina si kitu, je, kuna chochote katika jina kinachopaswa kuwa kweli? Uislamu unajibu kwamba kipo. Zayd bin Haritha alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Mtume akalelewa naye kama mwana, hata watu wakamwita Zayd mwana wa Muhammad. Kisha ikateremka amri katika Sura ya 33 kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao wa kweli, na wasipojulikana, basi wahesabiwe ndugu katika dini. Amri hiyo haigusi maana ya neno Haritha hata kidogo. Inagusa nasaba. Inasema kwamba katika jina kuna dai moja linaloweza kuwa kweli au uongo, nalo ni dai la uhusiano. Hili linaniunga mkono na pia linanibana, kwa sababu mtu anaweza kuniuliza: haya, na wale waliopewa majina ya familia za Kiingereza ambazo hazikuwazaa?

Mtu wa kumtazama hapa ni Jacob Wainwright. Wainwright ni jina la kazi, na maana yake ni fundi wa magari ya kukokotwa na wanyama. Aliyelibeba alizaliwa Myao upande wa Ziwa Nyasa, akakamatwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik huko India, na huko ndiko alikopata jina hilo. Hapakuwa na gari la ng'ombe katika nasaba yake, wala hapakuwa na Wainwright yeyote aliyemzaa. Mwaka 1872 alijiunga na msafara uliopelekewa mvumbuzi Daktari David Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya mazishi pale moyo ulipozikwa, na ndiye aliyechonga maandishi kwenye gome la mti juu ya kaburi, jina la daktari pamoja na majina ya viongozi wa msafara. Kisha yeye, pamoja na Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, na wenzao, wakaubeba mwili hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza ndani ya Westminster Abbey. Alirudi Afrika Mashariki akafanya kazi na wamisionari, na akafia Urambo, katika Tanzania ya leo, mwaka 1892.

Je, jina lake lilikuwa uongo? Kwa kipimo cha nasaba, ndiyo, na sioni sababu ya kulipaka sukari. Waliompa wangeweza kuuliza alizaliwa na nani. Lakini kovu halilingani na ngozi ya mwanzo, na hakuna aitaye kovu uongo. Jina Wainwright lilisema kweli moja chungu juu ya mwenyewe, kwamba alinyang'anywa wale waliokuwa na haki ya kumwita, akaitwa na wengine. Zaidi ya hapo, mtu yule ambaye majina yake yote alipewa na wageni ndiye aliyesimama chini ya mti akahakikisha kwamba wengine hawapotei bila majina. Hapo jina lake lilipata uhusiano wa kweli ambao halikuwa nao mwanzoni. Haukuwa wa kwenda nyuma kwa baba. Ulikuwa wa pembeni, kwa wenzake wa safari, kama ile amri inavyosema juu ya wasiojulikana baba zao. Kwa hiyo nashika kanuni hii: jina halidaiwi ukweli wa maana, linadaiwa ukweli wa uhusiano, na uhusiano ukikosekana katika kuzaliwa unaweza kutengenezwa katika kuishi.

Kwa kanuni hiyo tunaweza sasa kusema wazi ni nini tulichopoteza kwenye mstari wa mwisho wa fomu. Hatukupoteza mvua wala mavuno, maana hayo yangesahauliwa hata bila karani. Tumepoteza uhusiano, tena mwingi. Wa kwanza ni ule wa mama. Lubukusu hutenga mwanamume na mwanamke katika jina lenyewe, Wa kwa yule na Na kwa huyu, na jina la familia limeufuta mpaka huo kwa kumwandika msichana Mary Wafula, yaani kumwita kwa alama ya kiume ya mvua isiyokuwa yake. Akiolewa atabadilishiwa na kuwa Simiyu, na akizaa, watoto hawatakuwa na herufi hata moja ya upande wake. Linganisha na kijana anayejiandaa kutahiriwa. Hatatahiriwa kabla hajakwenda kwa khocha, kaka wa mama yake, kupokea nyama na baraka. Mila inamlazimisha kukiri kwa miguu yake kwamba ana kwao kuwili. Fomu inampa kwao kumoja. Uhusiano wa pili ni wa ukoo wenyewe. Vijana wawili wakipendana chuoni Kitale, mmoja Wafula na mwingine Nyongesa, majina yao hayawaambii lolote. Huenda wote ni Bakhone, na ndoa hiyo kwa desturi haifungwi. Huenda Wafula wawili hawana damu hata tone. Jina lililotafsiriwa "la ukoo" ndilo jina pekee lisilojua ukoo.

Najua kuna atakayesema kwamba hiyo ndiyo heri yake, kwamba koo na makabila yametuponza vya kutosha na afadhali majina yasiyosema mtu katoka wapi. Hofu hiyo ina sababu zake. Ila inauchanganya ukoo na ukabila. Sheria ya kwanza ya ukoo wa Kibukusu ni kwamba usioe humo. Ukoo unaokukataza kuoa ndani unakulazimisha kutafuta wakwe nje, na kila mtu anayezaliwa ni daraja la koo mbili hata kabla hajajua kutambaa. Kinachotenga watu ni jina lisilojua majirani zake. Mzee anapoagwa kwa kumuse, yaani hotuba ya kimila ya matanga, msemaji akatembea mbele ya umati akieleza nani alizaliwa na nani na nani aliolewa wapi, hataji safu moja ya baba na mwana kama Broderick na Broderick mwanawe. Anataja wavu mzima, na waombolezaji kutoka koo nyingi husikia mahali wao wanapokamata.

Sisemi fomu zichomwe. Waingereza walichukua neno la jirani juu ya mhunzi wakalifanya uzi wa kuunganisha vizazi, na sisi tumechukua mvua ya babu tukaifanya vivyo hivyo. Si dhambi, na si utumwa. Andika Wafula kwenye mstari ule, na kama ni Wainwright, andika Wainwright. Lakini usimwachie karani kazi ya kumwambia mtoto yeye ni nani, kwa sababu karatasi ina nafasi tatu tu na mtoto ana watu wengi zaidi ya hao. Kabla hajajua kushika kalamu, mfundishe kuitikia maswali mawili ya mzee wa Myanga: wewe ni wa ukoo gani, na mama yako ametoka ukoo gani. Akishaweza kuyajibu yote mawili, jina lolote utakalomwandikia litakuwa na pa kushikia.